Mzee mzima na laptopu yake ya gemu

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika. "Mzee mzima unacheza gemu? Ndiyo maana inachemka." Nimeambiwa hivyo Kariakoo, mbele ya wateja wanne na dada anayeuza chaja, na kijana ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Laptopu nilinunua kama miaka miwili nyuma. Ni ya gemu, zile zenye taa nyekundu kwenye kibodi. Ukubwa wa memori na mengineyo tuyaache. Mwaka wa kwanza sikuwa na neno nayo. Mchana nafanyia hesabu za watu, usiku watoto wakilala nacheza mpira mechi mbili tatu, basi. Wenzangu wa rika langu wanakwenda baa na hakuna anayewacheka.

Likaja lile joto la mwanzo wa mwaka. Wakazi wa Dar wanalijua: unatoka kuoga, unajifuta, na hujui unafuta maji au jasho. Laptopu ikaanza vituko. Dakika kumi za kwanza safi, halafu wachezaji wangu wanakimbia kama wako kwenye matope, kipa anaruka wakati goli lishaingia. Feni zilipiga kelele mpaka mama watoto akauliza kutoka chumbani nani amewasha blenda saa hizi. Nikapakua HWMonitor, programu ya bure ya kupima joto. Prosesa, yaani ubongo wa laptopu, nyuzi 98. Maji yanachemka 100! Ikifika huko prosesa hujipunguza kasi yenyewe isije ikaungua, na yale matope ndiyo hayo. Usiku mmoja ikajizima kabisa, nikiwa naongoza mbili bila.

Ndipo nikaipeleka kwa yule kijana. Nilimweleza kwa upole: naomba uifungue, utoe vumbi, ubadilishe pesti. (Pesti ni ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na mabomba ya shaba, ikikauka, joto halipiti, linabaki palepale linazunguka.) Akaniangalia kichwani, kwenye mvi zangu chache, akatoa lile neno lake. Kisha akachukua bloa, akaelekeza mdomo wake kwenye matundu ya pembeni, akafyatua. Feni zikazunguka kwa mlio ambao sijawahi kuusikia, kama nyuki ndani ya chupa. Vumbi kidogo likaruka, akanionyesha kwa kidole kama mganga anayekuonyesha ulichorogewa.

"Na pesti?"

"Njoo saa kumi bosi, utakuta tayari. Nakuwekea ile ya ukweli."

Saa kumi nikaikuta tayari, nikalipa elfu arobaini. Risiti imeandikwa "sevisi kamili". Ninayo.

Usiku ule ikafika nyuzi 99. Na sasa feni ya kushoto ilikuwa inasaga, krr krr krr, kama kuna mtu ametia mchele ndani.

Wiki ile ungeniuliza ningekuapia usinunue laptopu hii hata kwa bei ya sahani. Niliwalaani mpaka walioichora: nani mwenye akili anaweka matundu ya kuvuta hewa chini ya tumbo, mahali ambapo hayaonekani? Hasira hiyo ilidumu mpaka Jumapili, alipokuja mpwa wangu anayesoma chuo.

"Anko, ukicheza huwa unaiweka wapi?"

Kitandani. Juu ya mto.

Akanyamaza kwa adabu. Ile adabu iliniuma karibu sawa na kicheko cha Kariakoo.

Tukaifungua juu ya meza ya chakula. Sasa sikilizeni. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba yanayotoa joto kulikuwa na vumbi limeshonana kama jamvi, unaweza kulibandua kwa kipande kimoja. Kumbe bloa ilipeperusha la juujuu tu. Tukalegeza skrubu za mabomba ya shaba, tukayainua, na pale juu ya prosesa tukakuta pesti ileile ya kiwandani, imekauka, inabanduka vipandevipande kama ukoko wa wali. Ukoko! Hakuna mkono wa mtu uliowahi kupita pale. Yule kijana hakufungua hata skrubu moja. Nimelipa elfu arobaini ya upepo, na upepo wenyewe ndio ulioua feni: mpwa wangu anasema ukipuliza lazima uishikilie kwa kijiti isizunguke, la sivyo bloa inaizungusha kwa kasi ambayo beringi yake haikuumbiwa. Kijiti cha kuchokolea meno, jamani. Hicho tu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Brashi, pamba na spiriti ya duka la dawa kufuta ukoko, tone la pesti mpya, Arctic MX-4, ambayo mpwa wangu alikuja nayo mfukoni. Kwenye Windows, sehemu ya mipangilio ya umeme, akashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99; asilimia moja tu, lakini inazuia prosesa isijirushe juu ya kasi yake ya kawaida, na kwenye gemu la mpira sikuona tofauti yoyote. Gemu nalo akalifunga kwenye picha 60 kwa sekunde. Chini ya miguu ya nyuma tukaweka vizibo viwili vya soda ili tumbo lipumue. Nyuzi 81, feni moja ikiwa mgonjwa, chumba hakina kiyoyozi.

Kwa hiyo nafuta niliyosema. Laptopu ni nzuri. Ni nzuri sana, nitamnunulia na mwanangu. Ingawa huyo aliyeweka matundu chini bado simsamehi, na feni mpya ilibidi iagizwe Guangzhou, China, kupitia watu wa mizigo, karibu mwezi mzima nikicheza kwa kuiba. Basi labda mwanangu nimnunulie nyingine.

Na msije mkasema mafundi wa Kariakoo wote ni waongo. Feni ilipofika nilimpelekea mzee mmoja mtaa wa nyuma ya dukani kwa yule kijana, mzee kweli, mkono unamtetemeka mpaka ashike bisibisi, hapo unatulia kabisa. Alifanya kazi yote mbele yangu huku akiniuliza natumia timu gani. Akachukua elfu kumi. Sasa nacheza kwenye nyuzi 76.

Lakini nikikumbuka "mzee mzima" damu inachemka kuliko prosesa. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikawatumia wenye duka picha ya ule ukoko pamoja na risiti yao. Jibu likaja baada ya dakika mbili, na kialama cha mikono iliyokunjwa: "Pole sana bosi wetu, ilete tuicheki. Kucheki ni elfu tano tu."

Sijajibu. Na tangu jana usiku feni ya kulia nayo imeanza kulia.