Miezi kumi na moja ya MicroPython juu ya simtanki

Programu nimeanza kuziandika ukubwani. Kazi yangu ni karani wa stoo, na Python, lugha ya kuandikia programu, nilijifunza ili niache kujaza daftari la mzigo mara mbili, basi. Kwa hiyo msinisome kama mnasoma mhandisi. Nikirudi nyumbani Kimara, nikishakula, nikishaoga kama maji yapo, hubaki na saa moja hivi kabla usingizi haujanizidi. Saa hiyo moja ndiyo mizani yangu kwa kila programu mpya: nikikaa nayo usiku mmoja, kuna kitu kitakuwa kimesogea, au nitalala na hasira?

MicroPython, yaani Python ndogo ya kuendeshea bodi za kielektroniki, imepita kwenye mizani hiyo. Walionitesa ni wengine: maji, umeme, na mimi mwenyewe.

Ninapopanga tuko kaya tano tunaotumia simtanki moja la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa zege. Maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku, yanaingia kwenye kisima cha chini, kisha mtu anawasha pampu kuyapandisha. Ugomvi wetu wote unaanzia hapo. Tanki likikutwa kavu alfajiri, kila mmoja anaye mtu wa kumlaumu. Wa chumba cha mwisho anafua kila siku. Yule wa bodaboda anaosha pikipiki kwa mpira. Mimi, kwa kuwa taa yangu huchelewa kuzimwa, niliwahi kuambiwa naoga usiku wa manane. Nikasema haya, tutapima.

Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo yenye pini za kuunganishia vihisi na taa, niliinunua Kariakoo kwa elfu ishirini na tano. Ni ndogo kuliko kiberiti kilicholala. Chipu yake inatoka kwa Espressif, kampuni ya Shanghai, na imekuwapo sokoni tangu 2016: ina Wi-Fi ndani, ina viini viwili vya kuchakata, na kumbukumbu ya kufanyia kazi KB 520. Laptopu yangu ina GB 4 na bado inakoroma nikifungua kivinjari. Hapa unapewa KB 520 na unaambiwa ishi nazo. Inafundisha adabu.

Nilianza na njia ambayo wengi huanza nayo, yaani lugha ya C++. Sina neno baya juu yake, ila kwenye laptopu yangu kila nilipobadilisha mstari mmoja ilibidi mradi wote usukwe upya (ugeuzwe kuwa lugha ya chipu), upelekwe kwenye bodi, ndipo nijue kwamba nilisahau nukta-mkato. Zamu moja ilitosha kuchemsha chai. Ukigawa saa yangu moja kwa chai, unapata majaribio manane kwa usiku, na sita kati yake ni makosa ya kuandika.

MicroPython ilianzishwa na Damien George, Mwaustralia, kwa fedha alizochangisha mtandaoni mwaka 2013. Ni Python iliyopunguzwa mwili hadi ikatosha kukaa kwenye chipu bila mfumo endeshi chini yake. Ni bure, na faili lake la ESP32 halifiki MB 2, kwa hiyo hata bando la siku linalishusha na chenji inabaki. Kuliweka kwenye bodi nilitumia Thonny, programu ya kuandikia Python iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza. Ndani yake kuna menyu ya kusakinisha MicroPython: unachagua bodi, unabonyeza, unasubiri. Mimi nilisubiri jioni nzima, maana waya wangu wa USB ulikuwa wa kuchajia tu, hauna nyuzi za kupitisha data. Jioni hiyo usiihesabu.

Waya sahihi ulipopatikana, zikatokea chini ya skrini zile alama tatu, >>>, zinasubiri. Nikaandika mstari wa kuwasha pini namba 2, nikabonyeza Enter, na kitaa cha buluu kwenye bodi kikawaka pale pale. Nikaandika wa kuzima, kikazima. Hakuna kusuka, hakuna chai. Unamuuliza, anajibu. Ukikosea anakwambia umekosea mstari wa ngapi, unarekebisha, unauliza tena. Kwa mtu mwenye saa moja, hii inazidi sifa nyingine zote. Usiku wa kwanza nilifanya majaribio ambayo kwa njia ile ya zamani yangekula wiki.

(Binti yangu alimwambia mama mwenye nyumba kwamba baba yuko ndani anaandika kodi. Mama akapaza sauti kutoka uani: “Mwambie aandike na ya mwezi huu!” Tangu siku hiyo ile code naiita msimbo, hata kama wenzangu wananicheka.)

Kupima maji nilitumia kihisi cha sauti, HC-SR04, kile chenye macho mawili kama bundi. Jicho moja linatoa mlio ambao sikio haliusikii, mlio unagonga maji, jicho la pili linaupokea. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukijua muda wa kwenda na kurudi, ukagawa kwa mbili, unajua maji yako umbali gani kutoka kwenye mfuniko. Tanki letu lina upana wa mita 1.3 hivi, na hesabu ya duara ikanipa lita 13 kwa kila sentimita moja ya kina. Kihisi kinatumia volti 5 na pini za ESP32 zinataka 3.3, kwa hiyo waya wa kurudishia mlio lazima upite kwenye rezista mbili za kupunguza volti. Fundi redio wa hapa kituoni alinichomea kwa buku mbili na akakataa kueleza kwa nini rezista zangu alizibadilisha.

Siku ya kufunga, fundi bomba alinishikia ngazi. Alitazama kile kidude muda mrefu. “Sasa kaka, haka kanaona gizani?” Nikamwambia hakaoni, kanasikia. Akatikisa kichwa: “Basi mkiongea humu mtakachanganya.”

Tulicheka, lakini siku tano baadaye kweli kilichanganyikiwa, na kosa lilikuwa langu. MicroPython ina kazi iliyo tayari, time_pulse_us, inayopima kwa mikrosekunde mpigo wa umeme ambao kihisi hutuma kuonyesha muda wa mlio. Mpigo huo usipofika, haigomi wala haipigi kelele. Inarudisha hasi mbili, au hasi moja ikiwa mpigo ulianza ukakwama katikati. Maelezo yake yanasema hivyo wazi, mimi sikuyasoma. Msimbo wangu uliichukua hasi mbili, ukaizidisha, ukaigawa, ukapata umbali ambao ni karibu sawa na sifuri. Umbali sifuri maana yake maji yamefika kwenye mfuniko. Kwa hiyo waya ulipolegea, taa ya kijani ikawaka siku nzima kwamba tanki limejaa, na watu wakafua mashuka kwa imani. Jioni hiyo sikutoka nje.

Sasa napima mara saba, natupa hasi zote, nachukua namba ya katikati. Zikibaki chini ya nne, taa zote zinazima. Taa zenyewe ni tatu, ziko kwenye ukuta wa uani: kijani, njano, nyekundu. Nilikuwa na mipango mikubwa ya ukurasa wa Wi-Fi wenye mchoro wa tanki, na niliutengeneza, lakini majirani hawataki kufungua simu ili wajue kama wataoga.

Kihisi chenyewe kilidumu wiki sita. Ndani ya tanki kuna mvuke, na miguu ya bundi wangu ilishika kutu hadi akafa. Nikanunua JSN-SR04T, aina isiyopitisha maji, yenye jicho moja na waya mrefu. Kinadumu, ila kina upofu wa karibu: kitu kikiwa chini ya sentimita 20 hivi kinatoa namba za ovyo. Sikuhangaika nacho. Chochote kilicho chini ya sentimita 25 nakiita kimejaa, na hakuna aliyelalamika.

Saa ndiyo ilinifurahisha kuliko vyote. ESP32 haijui ni saa ngapi ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo unaiagiza iulize intaneti, nayo inaletewa saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia. MicroPython haina habari ya kanda za saa. Kujumlisha tatu ni kazi yako. Halafu nikawaza: majirani zangu hawasemi saa 13, wanasema saa saba. Kutoka saa ya kizungu kwenda ya kwetu unatoa sita. Jumlisha tatu, toa sita: saa ya Kiswahili ni UTC kasoro tatu. Mstari mmoja wa msimbo, ukigawa kwa kumi na mbili na kuchukua baki, na sifuri unaigeuza kuwa kumi na mbili. Nilikaa nikautazama mstari ule kama mtu aliyeokota hela njiani.

Furaha ikaisha nilipozihamishia kumbukumbu za vipimo kwenye laptopu. Zote zilisema mwaka 1995. Kumbe kwenye ESP32 MicroPython inahesabu sekunde kuanzia mwaka 2000, wakati Python ya laptopu inaanzia 1970. Unaongeza 946,684,800 na mambo yanakaa sawa. Namba hiyo nimeibandika ukutani.

Umeme sasa. Ukikatika, bodi inazima, na kwetu haukatiki kwa miadi. Nikaleta pawabanki ya zamani nikiamini nimemaliza. Ili isiishe haraka nikailaza bodi usingizi mzito, iamke kila baada ya dakika tano, ipime, ilale. Pawabanki ikaona bodi inakunywa umeme kidogo mno, ikadhani simu imejaa, ikajizima. Bodi haikuamka tena. Nililaumu msimbo kwa siku tatu, nikaufumua wote, nao hauna kosa. Hivi sasa bodi hailali, inakaa macho ikinywa umeme wake kama kawaida, na pawabanki imetulia.

Haya, na ule ugomvi? Baada ya wiki mbili za vipimo visivyo na hasi, nilichora mstari wa usiku. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, watu wote wamelala, pampu imezimwa, na maji yalikuwa yanashuka sentimita mbili kila saa. Mstari ulionyooka kama rula. Mtu anayeoga huacha ngazi kwenye mchoro, na anayefua huacha ngazi ndefu. Mteremko ule haukuwa na ngazi hata moja. Saa tano, sentimita kumi, lita 130, kila usiku. Fundi bomba akaitwa, akapita choo kwa choo akisikiliza. Ilikuwa sisteni ya choo cha kwangu. Vali yake imechoka, maji yanateleza kimya kimya usiku kucha. Kwa hiyo waliosema ninamaliza maji usiku wa manane walikuwa sahihi, na ushahidi nimewaletea mwenyewe kwa elfu ishirini na tano.

Kasoro za MicroPython ninazozijua baada ya miezi hii: maktaba kubwa za Python ulizozoea, kama NumPy, hazipo, utafanya hesabu zako kwa mkono. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ikikatikakatika vipande vidogo, baada ya siku kadhaa unapata MemoryError, yaani kosa la kukosa kumbukumbu, na kila kitu kinasimama. Mimi nimeweka mlinzi, ile WDT iliyo ndani ya chipu: msimbo ukikaa kimya muda niliopanga, bodi inajiwasha upya yenyewe. Na nywila ya Wi-Fi inakaa ndani ya faili kama maandishi ya kawaida. Mtu akipanda ngazi na laptopu yake ataisoma. Kwetu anayepanda ngazi ni fundi bomba peke yake, lakini kwa ofisi nisingeweka hivyo.

Kwa anayejua Python kidogo na ana jioni fupi, ningempa Thonny na MicroPython bila kufikiri mara mbili. Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ile hasi mbili, najua ni uonevu.

Mama mwenye nyumba sasa anataka bodi iwashe pampu yenyewe maji yakishuka, maana LUKU ya pampu ni yake na watu wanaiacha ikiunguruma. Msimbo nimeshauandika, mistari kumi na minne. Rilei, swichi inayowashwa na bodi, nimeinunua, iko kwenye kopo la mafuta ya nywele juu ya kabati. Lakini pampu ni volti 230, na mimi ni karani wa stoo. Namsubiri fundi umeme aliyesema atakuja Jumamosi. Hakusema ipi.