Uzoefu wangu na seti mpya ya waya za plagi kwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1969

Seti niliyoinunua ina waya tano, yaani nne za plagi na moja fupi inayotoka kwenye koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri) hadi katikati ya kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa umeme huo kwa kila plagi), zote zikiwa na unene wa milimita 7, nyuzi za shaba ndani na ganda la silikoni nje. Nimezitumia katika jua na katika mvua, na tathmini yangu ni kwamba waya zenyewe ni nzuri sana, ila raba za kuzibia zilizokuja nazo hazifai, na kwa injini inayopozwa kwa hewa kasoro hiyo si ndogo.

Nilizibadilisha kwa sababu ya dalili ambazo wengi huisingizia kabureta. Injini ilikuwa ikitetemeka gari likiwa limesimama, ikiishiwa nguvu mlimani, na asubuhi za mvua ilikuwa shida kuiwasha. Nilipoitazama usiku ikiwa inanguruma, taa zote zikiwa zimezimwa, niliona cheche zikiruka kutoka kwenye waya ya silinda ya tatu kwenda kwenye bati lililo jirani. Umeme wa plagi hufikia maelfu mengi ya volti, hivyo ganda likishapasuka kwa joto na uzee, umeme huo hukimbilia chuma kilicho karibu, na mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda hubaki bila kuwashwa.

Kabla ya kufunga waya mpya nilizipima kwa multimita. Kila moja ilionyesha ukinzani wa karibu omu 1,000, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno, ilhali moja ya zile kuukuu haikupitisha umeme kabisa. Ukinzani huo umewekwa kwenye kofia za plagi, yaani vichwa vya waya vinavyovikwa juu ya plagi, si kwenye waya, na ndio unaopunguza mikwaruzo ya redio. Mimi naupendelea mpangilio huu kuliko waya za kaboni, kwa kuwa kaboni hukatika ndani kwa ndani mtu anapoivuta vibaya, na kwa nje huoni chochote.

Kazi ya kufunga haihitaji ufundi mkubwa ikiwa utabadilisha waya moja baada ya nyingine, maana hivyo huwezi kuzichanganya: mfuatano wa kuwaka wa silinda za injini hii ni 1-4-3-2 na rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa, huzunguka kama mshale wa saa. Urefu wa kila waya ulilingana na nafasi yake, hata ile ya silinda ya tatu, ambayo iko upande wa kushoto kuelekea mbele ya gari na ni ngumu kuifikia kuliko zote. Kofia zilikaza vizuri kwenye plagi kwa mlio unaosikika. Kwa kuwa vichwa vya silinda ni vya aluminiamu, ambayo nyuzi zake za skrubu huharibika kirahisi zikiwa za moto, nilingoja injini ipoe kabisa ndipo nikazifungua plagi kuangalia mianya yake.

Sasa nizungumzie raba. Kila plagi ya Beetle imezama ndani ya tundu la bati, na raba pana iliyo kwenye kofia ndiyo inayoziba tundu hilo ili hewa inayosukumwa na feni ipite kwenye mapezi ya silinda (zile kingo nyembamba za kupozea) isitorokee pembeni. Raba za seti hii ni nyembamba, na mbili kati yake zilikuwa zikichomoka kila injini ilipopata moto. Katika gari la mwaka huo, kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya hewa juu ya silinda ya tatu, kwa hiyo silinda hiyo hupata hewa pungufu na yenye joto tayari. Kuiachia tundu wazi ni kuikaribisha iungue. Nilizitoa zote nne nikaweka nyingine nene nilizonunua kando, nazo hazijasogea tangu hapo.

Injini sasa inanguruma kwa utulivu, huwaka mara moja hata kukiwa na unyevu, na plagi zote nne zina rangi ileile ya hudhurungi hafifu, dalili kwamba zinawaka vizuri. Kwa waya ningeipa seti hii alama zote. Kwa raba, mtengenezaji anapaswa kubadilisha mpira anaoutumia, na mnunuzi aagize raba nene siku hiyohiyo anapoagiza waya.