Mrs Dalloway: mawazo yanapoondoka na yanaporudi

Riwaya hii ya Virginia Woolf, iliyotoka mwaka 1925, ina kurasa kama 200, haina sura hata moja, na mambo yake yote yanatukia siku moja ya Juni 1923 jijini London. Clarissa Dalloway anaandaa karamu ya jioni, basi. Anayesaka kisa atachoka mapema. Lakini anayetaka kujua mhusika hutolewaje barabarani, akapelekwa mbali kimawazo na kurudishwa salama, atapata shida kumpata mwalimu bora kuliko huyu.

Kazi kubwa inafanywa na vichocheo. Mwanzoni kabisa, milango inataka kung'olewa kwenye bawaba kwa ajili ya karamu. Bawaba hizo zinaleta mlio wa bawaba nyingine za zamani, na mara Clarissa, mwenye miaka 51, yuko Bourton, nyumba ya ujana wake, akiwa na 18. Hakuna "alikumbuka kwamba". Baadaye kishindo cha gari nje ya duka la maua kinamshtua Clarissa, nasi tunajikuta kichwani mwa Septimus, mwanajeshi aliyerudi vitani akili ikiwa imevurugika. Big Ben, saa kubwa ya mnara jijini, nayo inapogonga saa sita kamili, Clarissa anatandika gauni la kijani kitandani huku Septimus na mkewe wakielekea kwa daktari.

Kwa ndoto za mchana hasa, msome Peter Walsh, mwanamume aliyewahi kukataliwa posa na Clarissa, akimfuata msichana asiyemjua kuanzia Trafalgar Square. Mkono uko kwenye kisu chake mfukoni. Kichwani amekuwa haramia wa baharini, na binti wa watu ameshatungiwa tabia nzima. Njozi inanenepa mtaa kwa mtaa, hadi binti anapofungua mlango wa nyumba na kuingia. Kwisha. Majina ya mitaa hayakatiki muda wote huo, ndiyo yanayoifunga njozi kamba isipeperuke. Punde Peter anasinzia kwenye benchi bustanini, inakuja ndoto ya msafiri mpweke, na kamba ile haipo tena. Hapo ni rahisi kupotea. Ukijua tu kwamba jamaa amelala, utavuka.

Kasoro ipo kwenye sehemu ya Bradshaw, daktari anayemwona Septimus. Mwandishi anawasukuma wahusika kando na kuhutubu mwenyewe. Hotuba ni kali, tena ina haki, ila mkondo wa fikra umekauka.

Anayetaka kuiga mbinu hii kwa Kiswahili ajihadhari. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, kwa hiyo msomaji huhisi kichwa kimebadilika. "A-" yetu na "-ake" havitaji jinsia. Andika "alimtazama, akawaza alivyomkataa", na tayari hatujui nani alimkataa nani. Rudisha jina kila unapohama, au mpe kila mhusika kitu chake cha kumtambulisha, kama kisu cha Peter.

Usikisome kitabu hiki dakika kumi kumi. Sentensi ni ndefu, zimejaa nuktamkato, na ukikatiza katikati unaanza upya. Tenga saa nzima kwa kurasa 30 za kwanza. Shika penseli, uandike pambizoni herufi ya kwanza ya jina la mwenye mawazo kila yanapohamia kwa mwingine. Kabla ya kununua nakala, fungua katikati uone kama mistari mitupu kati ya sehemu imeachwa, maana mahali pengine pa kupumulia hapapo.