TAHADHARI: Anayetuuzia safari za Aitutaki kwenye makundi yetu ya Auckland ni TAPELI

Jamani, msimtumie hela. Yule kaka anayebandika matangazo ya "Aitutaki siku moja: ndege, boti na chakula", mnamjua, mwenye tangazo la maji ya kijani na vibanda vya juu ya bahari, ni tapeli. Amekula dola 1,740 za New Zealand za familia yangu na amemdhalilisha Mama uwanja wa ndege, ugenini, mbele za watu. Sinyamazi.

Safari ya Mama mnaijua: mimi na mume wangu tulikuwa tunampeleka Rarotonga, Visiwa vya Cook, na Aitutaki ni kisiwa kingine cha hukohuko, unapanda ndege ndogo kutoka Rarotonga. Tangu alipoona picha za Aitutaki alikuwa na ombi moja tu: afike kile kisiwa kidogo cha Tapuaetai kilichoko ndani ya laguni, yale maji ya kina kifupi yaliyozungukwa na matumbawe, agongewe pasipoti yake ule muhuri wenye umbo la unyayo. Mama amekulia Pangani, bahari haimtishi. Pasipoti alishaifunga kwenye mfuko wa nailoni kabla hata hatujapata nafasi.

Sasa sikilizeni huyu mtu anavyofanya kazi. Usiku ule nilikuwa jikoni napika chapati, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Akapiga kwa video. Akageuza kamera nikaona kompyuta yake: ramani ya viti vya ndege, vya kijani viko wazi, vyekundu vimeshachukuliwa. Akasema, "Dada, Mama namweka dirishani, ndege ikiinama kabla ya kutua anaiona laguni nzima." Akabonyeza viti vitatu, vikageuka vyekundu huku naviangalia. Halafu akaniuliza goti la Mama linaendeleaje. Akaniambia atawaagiza watu wa boti waweke ngazi, maana pale kisiwani maji ni ya magotini na abiria hushukia majini. Kisha akaomba nimpe Mama simu. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie." Mama alimwombea dua, jamani. Alimwombea dua kwa sauti, na yeye akaitikia amina.

Akarudi kwangu: mfumo unaviachia viti baada ya dakika ishirini, tuma sasa hivi. Chapati ilikuwa inaungua, nikazima jiko, nikafungua programu ya benki, nikatuma yote.

Najua kuna watakaosema ningejihadhari. Nijihadhari na nani? Huyu ni mtu wa kwetu, anaongea Kiswahili cha nyumbani, tumekaa naye kwenye msiba. Wenzetu wameshakata kwake tiketi za kwenda Dar wakasafiri salama. Bei yenyewe haikuwa ya kutupa hata mtu ashtuke, ilikaribiana na za mawakala wengine. Asubuhi yake akaleta tiketi yenye majina yetu, sahihi mpaka herufi ya mwisho, na orodha ya vyakula vya mchana: jodari wa kuchoma, papai, na ika mata, yule samaki mbichi wa ndimu na tui la nazi. Mama aliisoma hiyo orodha mara nyingi mno.

Tukapaa Auckland Alhamisi, tukatua Rarotonga Jumatano, maana mnavuka ule mstari wa tarehe baharini, ukielekea mashariki unarudi nyuma siku moja. Shikeni hapo, maana ndipo alipojifichia.

Tiketi ya Aitutaki ilisema Ijumaa. Ijumaa alfajiri tuko upande wa ndege za ndani, Mama kavaa gauni lake jipya, kanga begani, mkoba kaukumbatia. Dada wa kaunta akatusalimia "Kia orana", akachukua karatasi. Akaandika ile namba ya tiketi. Akaiandika tena. Akaniuliza taratibu nimeinunua wapi. Akageuza kioo chake nione mwenyewe: orodha ya abiria wa ndege ile, na sisi hatumo. Nyuma yetu foleni imejaa watu wenye kofia za majani na miwani ya kuogelea. Mama ananivuta mkono, "Wanasemaje, mwanangu?"

Nikampigia. Akapokea! Hata hakustuka. "Dada, pole sana, mmechanganya tarehe. Ijumaa iliyoandikwa ni ya New Zealand. Huko Rarotonga ilikuwa Alhamisi. Ndege imewaacha jana." Kwa jinsi alivyoongea kwa upole, mume wangu akaanza kuhesabu siku kwenye vidole. Yule dada wa kaunta ndiye aliyetukata kiu: tarehe ya tiketi ni ya mahali ndege inapoondokea, siku zote, na hata hiyo Alhamisi majina yetu hayakuwepo. Nilipomrudia simuni akakata. Mpaka leo kanifungia.

Nafasi za siku zilizobaki zilikuwa zimejaa. Tulimpeleka Mama Muri, palepale Rarotonga, maji ya kiunoni na samaki wanapita kati ya miguu, pazuri, sikatai. Lakini si alichokiomba. Pasipoti imerudi bila muhuri.

Kwa kweli huyu mtu asiachwe. Nataka arudishe kila senti, na si kwangu tu. Nataka viongozi wa jumuiya wamwite mbele ya watu, aulizwe mbele ya wale wazee anaowapa shikamoo. Atolewe kwenye makundi yote. Asipewe tena michango ya harusi kuishika. Na polisi wamfikie nyumbani kwake, watoto wake wasikie baba yao anafanya nini na sauti yake hiyo ya upole. Mtu anayemtumia mama mzee wa watu kama chambo hana haki ya kuitwa ndugu.

Mliokaribia kununua, angalieni haya. Akaunti ya benki ina jina la mtu mwingine kabisa, aliniambia ni la mhasibu wake. Ile picha ya tangazo nyuma yake ina mlima mweusi uliochongoka: ule ni Otemanu, mita 727, uko Bora Bora, kisiwa kilicho chini ya utawala wa Ufaransa, nchi nyingine kabisa. Aitutaki hakuna mlima wa hivyo, kilima chake kirefu, Maungapu, hakizidi sana mita 120. Hata boti aliyotuonyesha si ya huko. Tiketi pia: ukipewa namba, iingize mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege, au wapigie, kabla hujatuma hela. Yeye ukimwambia hivyo anasema mfumo wao unachelewa siku kadhaa. Na kama anakuharakisha kwa dakika, kata simu. Kuna mengine, nitayakumbuka, kichwa bado kinaniuma kwa hasira.

Nimesikia anakusanya hela za Krismasi sasa hivi, safari ileile, picha ileile. Mliokwisha kumlipa, msimwonye, atahamisha hela. Pigieni benki zenu leo, kitengo cha utapeli, waambieni wajaribu kuzuia malipo. Polisi nimeripoti kwa namba 105 na kesi imeandikishwa. Niandikieni faragha niwape namba ya kesi muongeze maelezo yenu hapohapo, na mtunze sauti zake na picha za skrini, msifute hata moja.