Ziara ya Kisiwa cha Komodo: Askari Hodari, Ratiba Iliyobana

Jina la kenge lisimdanganye msomaji. Kenge wa Komodo, ambaye wenyeji humwita ora, hufikia urefu wa mita 3, humwangusha kulungu na hata nyati, na akitaka hukimbia kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Ndiyo maana katika njia za Loh Liang, kituo cha kupokea wageni katika Kisiwa cha Komodo nchini Indonesia, mgeni hatembei bila askari wa hifadhi, na kwa maoni yangu askari huyo ndiye aliyestahili kila rupia niliyolipa.

Tulishuka saa moja asubuhi, baada ya kulala ndani ya mashua iliyotoka mji wa bandari wa Labuan Bajo. Silaha pekee ya askari wetu ilikuwa fimbo ndefu yenye panda mwishoni, ya kumzuia kenge shingoni anaposogea. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kuna mwenye jeraha linalovuja damu, kisha akawaita wanawake pembeni na kuwauliza kwa staha kama kuna aliye katika siku zake, kwa kuwa mnyama huyu hunusa kwa ulimi wake na huweza kufuata harufu ya mzoga kutoka kilomita kadhaa.

Kenge wa kwanza alikuwa amejilaza kivulini kama gogo. Askari alisimama kati yake na sisi, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka mingi iliaminika kuwa bakteria wa mate yake ndio wanaoua mawindo, hadi utafiti wa mwaka 2009 ulipoonyesha kuwa ana tezi za sumu katika taya la chini, na kwamba sumu hiyo huzuia damu kuganda. Akiwa katikati ya maelezo hayo kenge aliinua kichwa, akatoa ulimi mrefu wa manjano, akatutazama. Sikuwahi kumsikiliza mwalimu yeyote kwa makini kiasi kile. Mbele zaidi alitusimamisha chini ya mti na kutuonyesha mtoto wa kenge, ambaye huishi juu matawini miaka yake ya mwanzo ili asiliwe na wakubwa wa jamii yake mwenyewe.

Lawama yangu ni kwa kampuni ya mashua. Tangazo lake liliahidi njia ndefu ya kupanda kilima, lakini tulipofika tuliambiwa tuchukue njia fupi, kwa sababu siku hiyohiyo tulipaswa kupanda kilima cha kisiwa cha Padar na kuogelea mahali pengine pawili. Mtu aliyevuka bahari kumwona mnyama ambaye tangu mwaka 2021 ameorodheshwa kuwa katika hatari ya kutoweka hastahili kuharakishwa hivyo.

Katika kisiwa cha Rinca, ambako tulipita kesho yake, kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi. Inawafaa wazee na wenye watoto, ingawa mimi nilipendelea kutembea ardhini nyuma ya ile fimbo. Anayepanga safari aiulize kampuni, kabla ya kulipa, ni njia ipi ya Loh Liang imo katika bei na ni saa ngapi zimetengwa kwa ajili yake, na kama anaweza aepuke Julai na Agosti, msimu wa kujamiiana, ambapo kenge wengi hujificha ndani ya msitu.