Seti ya vipira vya molekuli: uzuri wake, na kilichoniudhi

Nafundisha tuisheni ya kemia na fizikia huku Kisauni, na seti hii ya vipira na vijiti vya plastiki vya kuundia molekuli (kipira ni atomu, kijiti ni kifungo baina ya atomu) niliinunua kwenye duka moja la vitabu mjini. Nimeitumia muhula mzima na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, na naona imekaa nami vya kutosha kuisemea.

Niliitaka hasa kwa maumbo ya pembetatu ya pande sawa. Ubaoni vijana huyachora vizuri tu. Waulize kwa nini molekuli ikae hivyo, kimya.

Rangi ni zile tunazozijua: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni buluu. Ni za zamani hizo. Mwaka 1865 mwanakemia August Wilhelm Hofmann aliwaonyesha watu wa London mipira ya mchezo wa kroke iliyopakwa rangi na kuungwa kwa vijiti. Methani yake (kaboni moja na haidrojeni nne) lakini ilikuwa bapa kama msalaba. Ilibidi kungoja hadi 1874, wanakemia van 't Hoff na Le Bel walipoipa kaboni umbo la piramidi yenye nyuso nne tunalofundisha leo.

Anza na boroni trifloridi. Kipira cha boroni kina matundu matatu yaliyoachana nyuzi 120. Chomeka florini tatu, weka mezani, inalala chapa; pima kwa rula kutoka florini hadi florini, pande zote tatu ni sawa. Hapo fizikia inaingia yenyewe. Kila florini inavuta elektroni kwa nguvu ile ile, na mivuto mitatu iliyo sawa ikiachana nyuzi 120 inafutana, ndiyo maana molekuli nzima haina upande chanya wala upande hasi. Tulifunga mizani tatu za springi kwenye pete moja, tukazivuta kwa pembe hizo: pete ikatulia katikati na mizani zote zikasoma sawa.

Kisha weka amonia kando yake. Haidrojeni zake tatu nazo zinafanya pembetatu ya pande sawa, ila naitrojeni iko juu yao, kwa sababu ina jozi ya elektroni isiyofungwa na yeyote inayosukuma vifungo vile upande mmoja. Pembe halisi ni kama nyuzi 107. Plastiki imetobolewa 109.5, tofauti ambayo jicho haliioni. Binti mmoja alizishika zote mbili, moja kila mkono, akasema, "Mwalimu, hii imelala, hii imekaa." Basi darasani kwetu ndiyo majina yao mpaka leo.

Seti inapolipa pesa yake kweli ni kwenye saiklopropani. Matundu ya kaboni yameachana nyuzi 109.5, na pembetatu ya kaboni tatu inataka 60. Vijiti vifupi vigumu vinakataa katakata. Ukilazimisha, kimoja kinaruka hadi chini ya kabati. Inabidi utumie vile virefu vinavyopinda, navyo vinabinuka kwa nje ya pembetatu. Na ndivyo ilivyo kwenye molekuli yenyewe: elektroni za vifungo hazikai kwenye mstari ulionyooka baina ya kaboni na kaboni, zimetokeza nje. Mkazo huo unawafika vijana vidoleni, kijiti kinapotaka kuchomoka. Gesi hii karne iliyopita ilitumika hospitalini kama nusukaputi, ikaja kuachwa, hasa kwa vile ikichanganyika na oksijeni hulipuka.

Fosforasi nyeupe nayo inatoka vizuri: vipira vinne, vifungo sita, nyuso nne na zote pembetatu za pande sawa. Kijitabu cha maelezo hakisemi kwamba kitu hiki hushika moto hewani kwenye joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo huwekwa chini ya maji. Sema hivyo Mombasa mwezi wa Februari, stima imepotea na feni imesimama, uone watu wanavyotazamana.

Jihadharini na ozoni. Seti inakubali kabisa uunge oksijeni tatu ziwe pembetatu iliyofungwa, ilhali ozoni tunayoijua haikufungwa; imepinda kwa nyuzi 117 hivi. Kwa mtoto anayejisomea peke yake nyumbani, hilo ni tatizo.

Sasa lililoniudhi. Kifuniko cha boksi kimechorwa grafini ya kupendeza, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja ambayo wanafizikia Geim na Novoselov waliibandua kwenye grafiti (kaboni ya penseli) kwa selotepu huko Manchester mwaka 2004, wakapewa tuzo ya Nobel 2010. Ndani, kaboni za matundu matatu zinatosha pete moja tu ya benzini, yaani pembesita ya kaboni sita. Pete mbili zilizoshikana zinataka kumi! Kwa hivyo huwezi kuwaonyesha kwamba ukiunga vitovu vya zile pembesita unapata wavu wa pembetatu za pande sawa. Nilirudi dukani, nikajibiwa, "Mwalimu, ndivyo zinavyokuja." Basi.

Kwa metali pia haifai, maana vijiti vinatenganisha vipira, na atomu za dhahabu au shaba zimebanana. Hapo mimi hutumia gololi kwenye sinia: tatu zikigusana, vitovu vyake ni pembetatu ya pande sawa, na ukipanga tabaka juu ya tabaka zinajaza asilimia 74 ya nafasi. Gololi ni za bei ya chini mno.

Kwa jumla naipa nyota tatu na nusu. Ukienda kununua, mwambie muuzaji afungue boksi, utazame kama vijiti vinavyopinda vimo na uhesabu kaboni za matundu matatu. Na mwenye kujua duka la Mombasa linalouza hizo kaboni rejareja, tafadhali aandike hapa chini.