Bastola ndogo ya kubeba kwa siri: vuta slaidi kabla hujalipa

Bastola yangu ya kwanza ya kubeba niliichagua kwa udogo wake tu. Ilikuwa ya 9mm, nyembamba, inazama kiunoni chini ya blauzi bila kuacha alama. Muuzaji aliniwekea mezani slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kutia risasi au kutoa ganda, ikiwa tayari imefungwa nyuma. Nikaishika, nikaipenda, nikalipa. Wiki hiyohiyo, uwanjani kwenye mazoezi, ganda likakwama. Mikono ilikuwa na jasho. Nikavuta slaidi, ikagoma. Nikavuta tena, ikarudi nusu. Mara ya tatu mkufunzi alinishika kiwiko na kunirudisha taratibu nielekee shabaha, kwa sababu bila kujua nilikuwa nimeigeuza bastola kiubavu ili nipate nguvu, na mtutu ulikuwa unamtazama dada aliyesimama kushoto kwangu.

Tangu nisimulie kisa hicho, wasomaji hawajaacha kuniandikia. Mama mmoja mwenye baridi yabisi ana bastola iliyolala kabatini kwa sababu hawezi kuitia risasi mpaka mumewe awe nyumbani. Silaha ya kujilinda inayongoja mume arudi inamlinda nani?

Kwa hiyo leo siandiki habari za rangi, vilengeo vya kung'aa, wala ubishi wa saizi za risasi, 9mm na .380 iliyo na nguvu pungufu. Naandika kuhusu slaidi. Watu wanadhani bastola ikiwa ndogo na kuivuta ni rahisi. Ni kinyume chake. Slaidi fupi na nyepesi hurudi nyuma kwa kasi kubwa risasi inapotoka, hivyo mtengenezaji huweka springi kali ya kuizuia. Halafu pa kushika penyewe ni padogo, vidole viwili vinatosha kupajaza. Anayeshindwa kuivuta hufanya nilivyofanya mimi: huigeuza pembeni, na mara nyingi kidole kinateleza mpaka kwenye kifyatulio. Hatari inaanzia hapo.

Namba moja yangu ni Smith & Wesson M&P380 Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018. Nina mapenzi na kampuni hii na sioni sababu ya kuyaficha: walikaa wakafikiria mikono ya watu. Springi ni laini, nyundo imefichwa ndani, na nyuma ya slaidi kuna vishikio vilivyochomoza kidogo ili vidole visiteleze. Hata magazini, inayobeba risasi 8, ina vitufe pembeni vya kushusha springi wakati wa kupakia, kwa hiyo kidole gumba hakiumii. Si ndogo kuliko zote, mtutu wake una sentimita 9 na kidogo, lakini kwenye ala nzuri ya kiunoni inafichika. Angalizo moja: ina kizuizi nyuma ya mpini ambacho lazima kiganja kikibane sawasawa, la sivyo haifyatui. Dada yake ya 9mm ilitoka 2020, na zile zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo ziliitwa kiwandani kwa kasoro ya nyundo. Ukinunua iliyotumika, ulizia namba yake kwanza.

Ya pili ni Glock 42 ya .380, ya mwaka 2014. Chini ya gramu 400 ikiwa tupu, risasi 6 kwenye magazini, na slaidi yake inavutika vizuri kuliko udogo wake unavyoonyesha. Sababu ni kwamba mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimefungana kwanza, ndipo vinaachana, kwa hiyo springi haibebi kazi yote peke yake. Walther PPK, ambayo wengi huitamani kwa umbo lake, haina mfumo huo. Inategemea uzito wa slaidi na ukali wa springi, ndiyo maana ni ngumu kuvuta na inapiga teke kuliko unavyotarajia kwa .380.

Ya tatu nawapa SIG Sauer P365-380 ya mwaka 2022. P365 ya 9mm ya 2018 ndiyo iliyoonyesha kwamba risasi 10 zinaingia kwenye mwili mdogo namna ile, na heshima hiyo wanastahili. Ila kwa mkono dhaifu, chukua ya .380. Mwenye mikono yenye nguvu na anayetaka 9mm, Shield Plus ya 2021 inamtosha, na narudi kulekule kwa kampuni yangu.

Rivolva je, ile ya silinda inayozunguka? Wauzaji huwasukumia wanawake Smith & Wesson 642, "dada, hii haina slaidi, huna shida." Kweli haina slaidi. Lakini kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo 5 hivi kila risasi, kwenye bastola nyepesi. Mkono ulioshindwa slaidi utateseka na hicho pia. Beretta 3032 Tomcat, ambayo si rivolva, inainua mtutu, unatia risasi moja kwa moja bila kuvuta chochote. Ni wazo zuri sana, ila ganda lisipotoka, huna budi kuinua mtutu ulitoe.

Za bei ya chini: Taurus G3C inabebeka, ijaribu. Hi-Point C9 ni nzito mno kuificha.

Ukifika kaunta na kibali chako, omba bastola ikiwa tupu, slaidi mbele, magazini nje. Elekeza mtutu mahali salama, kidole nje ya kifyatulio. Usiibane slaidi kwa vidole viwili. Ishike kwa kiganja kizima kutoka juu, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono mwingine. Fanya mara 10. Ya kwanza haisemi kitu, ziangalie tatu za mwisho. Halafu ifunge slaidi nyuma kwa kuinua kile kitufe kidogo kwa kidole gumba. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu mkono mmoja unafanya kazi mbili.

Muuzaji akikataa, ondoka. Nimechoka kusikia "itazoea." Springi inalegea kidogo kwa matumizi, haigeuki kuwa springi nyingine, na wanaosema hivyo wanajua pesa ikishaingia haitoki. Hawakwambii pia kwamba springi ya bastola ndogo huchoka mapema kuliko ya kubwa na inahitaji kubadilishwa. Nilipoifuata ya kwangu dukani niliponunua, niliambiwa hawaweki vipuri, wanauza bastola tu. Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza nikiingia mlangoni: springi yake mnayo?